Benchi la Tatu

Machi 4, Jumatatu

Muhula umefunguliwa, na mvua imefunguliwa pamoja nao. Nimeingia Kidato cha Tatu viatu vikilia kama vyura wawili wanaogombana, nikaandika ubaoni "Chimbuko la Uhai", chaki ikakatika mara mbili. Mada ileile, ubao uleule, na nadhani hata chaki ni ileile. Nilipogeuka, nusu ya darasa walikuwa wanatazama dirishani. Sikuwalaumu. Nami ningetazama huko, kama nisingekuwa nalipwa kutazama upande wa pili.

Daftari hili kaninunulia mke wangu. Yeye ni muuguzi, hana subira na wagonjwa wanaojidai wazima. Anasema nimeanza kuongea peke yangu jikoni, afadhali niongee na karatasi, maana karatasi haijibu wala haichoki.

Machi 6

Mvua. Kiberiti kimelowa. Nimetumwa kwa jirani kuomba moto.

Machi 9, Jumamosi

Tumepata wageni, na kwa jinsi walivyobeba mizigo, si wageni wa kuondoka kesho. Paa la shemeji yangu limesalimu amri. Wamekuja na godoro, masanduku mawili, na cherehani iliyofunikwa nailoni vizuri kuliko walivyojifunika wenyewe.

Shemeji ndiye mwalimu wa dini shuleni kwetu. Kamuoa mdogo wangu wa kike, fundi wa cherehani, ambaye ndiye anayeshona sare za nusu ya wanafunzi wetu. Mdogo wangu ni mjamzito, mwezi wa sita. Amepoteza watatu kabla ya huyu: wawili mapema, na wa tatu alizaliwa miezi saba, hakulia. Kwa hiyo hakuna aliyepiga vigelegele safari hii. Tunatembea kwa vidole nyumba nzima, kana kwamba kuna mtu amelala na tunaogopa kumwamsha.

Mke wangu kampangia chumba cha karibu na sebule na kumpa amri: kulala, na pedali ya cherehani ni marufuku.

"Wifi, basi hata sindano ya mkono?" mdogo wangu akauliza.

"Sindano ya mkono, ukiwa umelala."

"Nitashona pindo za dunia nzima nikiwa chali kama mende."

Nilicheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa anapima kwa macho umbali wa kutoka kitandani hadi chooni.

Machi 12

Nieleze kuhusu mdahalo, kwa sababu daftari halijui.

Kila Ijumaa ya mwisho ya muhula huu shule nzima hukusanyika bwaloni. Benchi la kushoto ni la Uumbaji, la kulia ni la Mageuzi. Shemeji hufungua kwa hotuba upande wake, mimi kwa hotuba upande wangu, kisha wanafunzi wanarushiana maneno mpaka kengele ya chakula. Mkuu wa shule anaupenda sana. Anasema unakuza fikra. Ukweli ni kwamba unakuza sauti.

Na tuna utaratibu wetu ambao hata mkuu wa shule haujui. Hotuba ya shemeji naandika mimi. Yangu anaandika yeye. Tulianza kwa utani, mwaka aliopata homa nami nikamwandikia ili asiaibike, akalipiza mwaka uliofuata. Tukagundua zinatoka nzuri kuliko zetu wenyewe. Mtu akiishi muda mrefu ndani ya nyumba yake hasikii tena inapovuja. Mwenzake akija anasikia. Basi kila mmoja amekuwa fundi wa paa la mwenzake, na tumeendelea hivyo miaka yote, wazee wazima wawili.

Machi 14, Alhamisi

Kuna binti Kidato cha Tatu tunamwita Mbona, maana kila swali lake linaanza hivyo. Leo kasimama.

"Mwalimu, mbona kitabu kinasema mageuzi yanaeleza jinsi viumbe vinavyobadilika?"

"Ndivyo."

"Ili kitu kibadilike si lazima kiwepo kwanza?"

"Ni lazima."

"Sasa cha kwanza kabisa kilitoka wapi? Mageuzi hayasemi. Mbona kila mwaka upande wa Mageuzi unabishana juu ya mwanzo, kumbe mwanzo si kazi yake?"

Nikafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu. Ni swali nililokuwa nalizunguka tangu nianze kazi hii kama mtu anavyozunguka dimbwi la njiani, mpaka anasahau kwamba pale kuna dimbwi.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Benchi la tatu."

Darasa likashangilia. Hawashangilii fikra, wanashangilia benchi.

Machi 15

Mkuu wa shule kakubali benchi la tatu, mradi lisilete fujo. Benchi lenyewe bovu, mguu mmoja unacheza. Mvua.

Machi 19, Jumanne

Kiberiti kimelowa tena. Jirani yetu ni dobi, mama wa makamo anayepiga pasi za mkaa, kwa hiyo kwake moto hauzimiki. Anafurahia sana umaskini wangu.

"Mwalimu mzima wa sayansi," akasema akinichagulia kaa, "hujawahi kuwafundisha watoto kuwasha moto?"

"Hiyo iko Kidato cha Nne."

Nikaliweka kwenye kifuniko cha sufuria, nikakimbia. Katikati ya uwanja mguu ukateleza. Kaa likaruka, likatua kwenye maji, likasema "tsss", kwisha habari. Nikarudi kwa dobi nikiwa na tope hadi magotini. Alicheka mpaka akaweka pasi chini.

Mdogo wangu aliona yote dirishani. Nilipoingia na kaa la pili, akaniita.

"Kaka, dobi naye moto kautoa wapi?"

"Kauwasha."

"Umemwona akiwasha?"

"Sijamwona. Kila nikienda naukuta unawaka."

"Haya," akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Machi 23, Jumamosi

Mbona kaja kuteremshiwa pindo la sketi, maana amerefuka ghafla kama mahindi. Akamkuta mdogo wangu chali, sindano mdomoni, na akakaa hadi jioni. Nimewasikia wakikagua nadharia kama wanawake wanaochagua kitenge dukani.

"Anti, wengine wanasema mbegu za uhai zilidondoka na vimondo kutoka mbinguni."

"Na huko mbinguni zilitoka wapi?"

"Hawasemi."

"Hicho ni kufagia uchafu na kuusukumia kwa jirani. Kingine."

"Chemchemi za maji moto chini ya bahari. Dawa za aina nyingi zilichemka pamoja mpaka zikawa hai."

"Wamejaribu?"

"Wamejaribu sana. Wamepata vipande vipande. Uhai bado."

"Basi wape muda, wasikate tamaa. Kingine."

"Udongo wa mfinyanzi. Chembe zake zinajipanga, zinajinakili."

"Hicho mume wangu atakipenda, atasema ni chake."

"Na zamani watu waliamini uhai unazuka wenyewe. Kwenye nyama inayooza, kwenye tope."

"Hata mimi niliamini. Unga naufunga vizuri, naufungua nakuta wadudu. Nani kawaalika?"

"Walikuwa mayai, Anti. Mayai ya wadudu wa zamani."

"Kwa hiyo hata mdudu wa unga ana mama."

Mdogo wangu akakata uzi kwa meno. Kisha akamwambia, "Hao wasomi wote wanabishana nani alianza. Mimi nataka kujua nani atafua nepi."

Machi 27

Hamna jipya. Ndoo nne sebuleni. Hata paa letu sasa.

Aprili 1, Jumatatu

Niseme ukweli kuhusu shemeji: ananichosha. Anaamka kabla ya mtu yeyote, anakohoa kwa adabu, anasali, anafagia uwanja uliojaa maji. Unafagia maji? Nikimuuliza hali ya mke wake anasema, "Tunashukuru." Nikimuuliza kama analala vizuri, "Tunashukuru." Mtu ambaye kila jibu lake liko tayari, unaanza kuhisi hajasikia swali. Nimekuwa nikifikiri kwamba imani ni godoro zuri, na yeye ndiye amelala juu yake wakati sisi wengine tuko sakafuni.

Aprili 6, Jumamosi

Naandika usiku, wengine wamelala.

Baada ya chakula cha mchana, mdogo wangu alikuwa amelala, mlango wa chumba umerudishwa. Mke wangu zamu. Mvua inapiga mabati kama watu wanamwaga kokoto. Shemeji nami tukakaa sebuleni kubadilishana hotuba, kama kila mwaka. Tunasomeana kwa sauti ili kusikia panapokwama, na kwa mvua ile ilibidi tupaaze. Tulikuwa tunapiga kelele kama wauza mitumba, kila mmoja amejikunyata kati ya ndoo mbili.

Yeye akaanza na ile niliyomwandikia, ya Uumbaji. Niliifanyia kazi. Akasoma vizuri: "Hakuna kinachoanza bila kukusudiwa, wala hakuna kinachokatika njiani bila kukusudiwa." Nikampigia makofi. Hata alikunja uso kwa haya.

Kisha mimi nikashika aliyoniandikia yeye, ya Mageuzi. Ilikuwa kali. Sijawahi kupata hotuba kali kama ile, na nilianza kujisikia mwanasayansi kweli. Nikapaza sauti. Nilikuwa katikati ya sentensi mvua ilipokatika. Haikupungua. Ilikatika, kama mtu kafunga bomba. Na sauti yangu ikabaki peke yake ndani ya nyumba:

"...na tumbo lenyewe ndilo chujio la kwanza. Mimba nyingi hukatika kwa sababu hazikustahili kuendelea."

Tone moja likadondoka kwenye ndoo. Halafu mlango wa chumba ukafunguka.

Alikuwa amesimama, kitu alichokatazwa. Kanga imefungwa kwapani, uso una alama za mto.

"Rudi ulale," shemeji akasema.

"Nimesikia vizuri. Kaka anasema wanangu hawakustahili."

"Si mimi," nikasema. Mungu anisamehe, ndilo neno la kwanza lililotoka. "Si mimi niliyeandika."

Akanitazama. Akageuka taratibu, akamtazama mume wake. Niliona anavyofumua, kama anavyofumua mshono uliokwenda kombo, uzi kwa uzi.

"Mnaandikiana," akasema. "Kwa hiyo hiyo kaandika huyu. Na hiyo ya kukusudiwa, kwamba wanangu walikufa kwa mpango, kaandika ndugu yangu wa tumbo moja."

"Ni mdahalo tu," shemeji akasema. "Ni maneno ya..."

"Nilidhani angalau kila mtu anasema analoamini. Ningejua wa kumkasirikia."

Akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Aprili 8, Jumatatu

Damu. Kidogo, lakini damu. Mke wangu kamwona, kampima, kasema mtoto anacheza, moyo unapiga, lakini sasa ni kulala kabisa, hata sindano basi. Alipotoka chumbani akatukuta tumesimama mlangoni kama watoto waliovunja kikombe.

"Mmemwambia nini huyu mtu?"

Tukamwambia.

Hakutukemea. Alivua miwani, akaifuta na ncha ya gauni, akaivaa. "Watu wazima wawili, wasomi," akasema. "Nyinyi wawili mnanichosha kuliko wodi nzima."

Aprili 11

Haongei nasi. Anaongea na wifi yake, na Mbona anayekuja kila baada ya masomo. Tukiingia anafumba macho. Mvua.

Aprili 13

Mvua.

Aprili 16, Jumanne

Shemeji analala kwenye kiti sebuleni. Hakufukuzwa. Hakukaribishwa. Asubuhi nimemkuta uani anafua kanga za mke wake, zenye damu, kwa maji baridi, akizisugua kwa vidole vya mtu aliyezoea kurasa. Hafui vizuri. Dobi alikuwa anamwangalia juu ya uzio kwa uchungu wa kitaaluma.

"Mwalimu, unaua nguo," akamwambia.

"Nifundishe," akasema.

Na dobi, ambaye hajawahi kumwachia mtu yeyote amalize sentensi, akazunguka uzio kimya na kumfundisha.

Aprili 20, Jumamosi

Leo mdogo wangu ameingia mwezi ambao yule wa tatu alizaliwa. Kila mtu alijua. Mke wangu kamwekea mkono tumboni mara nyingi, akisingizia kunyoosha shuka.

Tulikuwa barazani na shemeji tukimenya viazi. Nikaamua kuuliza swali ambalo "tunashukuru" haliwezi kulijibu.

"Ile hotuba. Uliwezaje kuiandika kali vile?"

Akamenya kiazi kizima, na kingine. Viazi vyake vinabaki vidogo, anaondoa nusu pamoja na ganda.

"Unadhani nilikutungia wewe?" akasema. "Siku ile wa tatu alipozaliwa kimya, niliambiwa nimshike. Nilimshika. Nikasali maneno yote ninayoyajua. Na kichwani sauti moja tu: hakustahili, ndiyo maana. Sijui ilitoka wapi. Haijaondoka. Nikikuandikia wewe, angalau inakuwa yako kwa nusu saa."

Nikachukua kiazi kingine.

"Na wewe?" akauliza. "Yako nayo ilikuwa nzuri."

Nilifikiri kumdanganya. "Nilikuwa natamani iwe kweli," nikasema. "Kwamba kulikuwa na sababu. Kwa ajili yake."

Tukamaliza viazi. Basi huyu ndiye mtu niliyefikiri amelala kwenye godoro. Miaka yote hii sote tulikuwa sakafuni, tumepeana migongo, kila mmoja akidhani mwenzake yuko juu ya kitanda.

Aprili 24

Kiberiti. Jirani. Moto. Dobi kaniambia shemeji sasa anafua vizuri kuliko mimi ninavyobeba makaa.

Aprili 29, Jumatatu

Mbona kaniletea mada ya benchi lake, kama sheria ya mdahalo inavyodai. Neno moja kuhusu uhai: "Hauanzi." Nikamwambia hiyo si nadharia, ni kama mtu anayekataa kulipa nauli. Akasema, "Subiri siku yenyewe, Mwalimu." Kajifunza huko chumbani namna ya kunitazama.

Mei 4

Mvua imepungua kwa muda wa kuanika soksi. Soksi zote.

Mei 10, Ijumaa

Nimekaa ili niandike kwa mpangilio.

Uchungu ulimshika mdogo wangu asubuhi, kabla ya wakati. Mke wangu akampeleka kituo cha afya kwa gari la mwalimu wa michezo. Shemeji akapanda nyuma bila kuuliza kama anaruhusiwa. Mdogo wangu hakumtazama, lakini alisogeza miguu ili apate nafasi. Nilitaka kwenda. Mke wangu akasema, "Kituo hakina haja ya wanaume wawili wa kusimama mlangoni. Mmoja anatosha kuzuia njia. Nenda kawafungulie watoto mdahalo wao."

Basi nikaenda. Bwalo limejaa, mkuu wa shule mbele, mabenchi matatu, la tatu limewekewa kipande cha tofali. Kiti cha shemeji kitupu. Nikaitwa kufungua. Hotuba ile kali ilikuwa mfukoni, sikujua kwa nini nimeibeba. Nikasimama, nikasema, "Leo sina hotuba. Anayefungua upande mwingine ana shughuli, na mimi bila yeye sijui nasema nini." Wakadhani ni mzaha, wakacheka. Nikakaa.

Wanafunzi wa Uumbaji wakasema yao. Wa Mageuzi wakasema yao, walitaja nyani mara nyingi kuliko lazima. Kisha Mbona, sketi imeshuka vizuri hadi chini ya magoti, kasimama bila karatasi.

"Maneno haya kanipa fundi," akasema. "Mimi nimeyashika tu.

"Hapa kwetu mvua ikinyesha viberiti vinalowa. Unakwenda kwa jirani kuomba moto. Jirani hakuuwasha, aliuomba pengine, au aliufukia jana kwenye majivu. Ukimuuliza wa kwanza ni nani, atakuambia nenda ukapike. Uhai tumeuona hivyo tu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuona ukiwashwa. Mama yangu alikuwa hai aliponibeba. Yai lilikuwa hai, mbegu ilikuwa hai. Hapakuwa na saa hata moja ambapo nilikuwa kitu kilichokufa, kisha nikawa hai. Sikuanza. Nilipokewa. Benchi letu halisemi nani aliwasha. Huenda kuna aliyewasha, huenda hakuna, huenda unawaka siku zote. Tunasema kile tunachokiona: kinapita mkono kwa mkono."

Nikadhani amemaliza. Hakumaliza.

"Na wako wanaobeba kaa wakaanguka njiani. Kaa likazimika. Upande ule unasema kaa lilikuwa bovu. Upande ule unasema lilipangiwa kuzimika. Fundi anasema yeye alibeba mara tatu, na yalikuwa makaa mazuri, mekundu, na hakuna aliyepanga. Kulikuwa na mvua. Mguu uliteleza. Basi. Na anayeanguka halaumiwi, anarudishwa kwa jirani akachukue lingine."

Akakaa. Benchi likayumba pamoja na tofali lake.

Majaji wakapiga hesabu: Uumbaji wa kwanza, Mageuzi wa pili, benchi la tatu la mwisho, kwa sababu, mkuu wa shule alieleza, halikujibu swali. Mbona kanifuata mlangoni. "Mwalimu, mbona wale wengine nao hawakulijibu?" Nikamwambia nitamjibu muhula ujao, nikaanza kukimbia, mimi na tumbo langu, kuelekea kituoni.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, magoti pamoja.

"Amezaa?"

"Amezaa. Msichana."

"Analia?"

"Hakulia mwanzoni. Mkeo alimsugua mgongo, akamsugua tena. Sasa analia, lakini kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta. Amelazwa kifuani kwa mama yake."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Hajaniita," akasema.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia maneno ya Mbona, yote, kwa mpangilio, kadiri ninavyokumbuka. Nilipofika pale kwenye makaa mazuri, mekundu, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akainama, akaweka uso kwenye mikono yake ambayo sasa inanuka sabuni ya dobi, na mabega yakawa yanatikisika. Sikumgusa. Nilitazama mvua, ilikuwa imeanza tena.

Mke wangu akatoka, amechoka, kofia imekaa upande.

"Wewe," akamwambia shemeji, "mgonjwa anauliza. Kuna nepi sita tayari chafu. Nani atafua?"

Shemeji nimewahi kumwona akisimama kwa kasi ile mara moja tu, siku ya ukaguzi wa shule.

Mei 11

Bado mdogo sana. Ananyweshwa maziwa kwa kijiko. Mke wangu hasemi "atapona" wala "hatapona". Anasema, "Ana joto." Nimejifunza kuridhika na hilo.

Mei 14, Jumanne

Wameruhusiwa. Shule imefungwa. Sina hata mtihani wa kusahihisha uliobaki na ningeweza kulala mwezi mzima, kama kungekuwa na mahali pakavu.

Mdogo wangu kaingia ndani, kamkabidhi mume wake mtoto ili avue viatu. Kavua viatu vyote viwili taratibu kuliko nilivyowahi kuona mtu akivua viatu. Shemeji alisimama katikati ya ndoo kamshika, mdomo wazi. Yule mtoto akakunja uso na kulia ule mlio wake wa mlango.

Kisha akanigeukia mimi. Neno la kwanza tangu siku ile.

"Kaka, anatakiwa kuogeshwa. Maji yako wapi?"

Maji yapo. Kiberiti kimelowa.

Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikaenda. Dobi alinichagulia kaa kubwa, na hakunitania hata kidogo, jambo lililonitia hofu. Nikalifunika na kofia yangu. Sikukimbia. Nilitembea kama bibi harusi, hatua kwa hatua, pale kwenye utelezi nikaburuza nyayo, mvua inaingia shingoni na kutokea kiunoni. Wote walikuwa dirishani wananitazama: mke wangu, shemeji na nepi begani, mdogo wangu na kile kifurushi chake. Hakuna aliyecheka.

Nimefika. Nimeliweka jikoni, nikaongeza mkaa, nikapiga magoti kwenye tope langu mwenyewe, nikapuliza.

Umeshika.